Vitofali Saba

Sanduku lina ukuta katikati.
Upande mmoja vitofali vya mbao, vya rangi rangi,
kama vya mtoto wa chekechea.
Foibe anaweka saa mezani:
dakika moja, Mzee Chilongani,
kimoja kimoja, kivuke ukuta, ukiachie.
Tunaanza na mkono mzima.

Wa kushoto, ambao tangu nizaliwe
kazi yake ilikuwa kushika tawi mwenzake akikata,
umevusha hamsini na viwili.
Ukajivuna. Niliuona.

Sasa wa kulia.

Nje upepo wa Dodoma unapaka vioo vumbi,
mtu anaita namba ya faili koridoni,
nami nimeinamia kitofali chekundu
kama mwizi anayejifunza kufuli.
Bega linapanda. Kiwiko kinatoka nje.
"Bega lisikusaidie, Mzee,"
kana kwamba nimelituma mimi.
Gumba linakwenda, cha shahada kinachelewa.
Tumeambiwa kidole kimoja hakivunji chawa;
hatukuambiwa viwili vikikosana
chawa atacheka kiasi gani.

Kushika, nimeshika.
Kuachia ndiko kugumu. Hilo hakuna aliyenionya:
kwamba mkono uliopooza huwa bahili,
kikiingia kitu haufunguki
mpaka wa kushoto uje kuubandua, kidole kidole.
"Hicho hakihesabiwi," anasema Foibe, na anaandika.

Saba.

Mizabibu ya Hombolo nimeipogoa miaka thelathini na mmoja.
Mashina mia na hamsini kabla jua halijakaza,
na mkasi haukuwahi kuniuliza alama.
Machi, asubuhi, ukaanguka wenyewe.
Nikainama kuuokota, nikaona mkono unaning'inia pale
kama wa mtu mwingine aliyevaa shati langu.

Karatasi ya Foibe inaendelea.
Kugusa pua: mbili.
Kuinua kikombe chenye maji: moja, na maji yako sakafuni.
Kugeuza kiganja kitazame dari: sifuri.
Kiganja kikitazama juu ndio kuomba.
Basi hata kuomba sina.

"Na nyumbani?" Anamgeukia mke wangu.
Sechelela hajui kupamba maneno:
"Nyumbani umekaa pajani kama mgeni wa heshima.
Hatuutumi kitu."

Kweli. Kikombe kinakuja kushoto.
Vifungo anafunga yeye.
Watu wakinisalimia nawapa wa kushoto
na samahani juu yake.
Mkono wa kulia: jina lake lina ugali ndani,
na lina machozi.
Mwaka huu umeshika la pili.

"Saba si hukumu," anasema Foibe, anafunga faili.
"Mwezi ujao tutahesabu tena."

Hesabu hizo nazijua, binti.
Kila nikimaliza kupogoa, mpita njia husema
shamba la Chilongani limekufa.
Simjibu. Naiendea fimbo, naikwaruza kwa ukucha.
Ndani kahawia: kata, peleka jikoni.
Ndani kijani: acha macho mawili, funga mdomo, ngoja.

Jioni, barazani, nikautoa ukucha wa kushoto
nikaukwaruza wa kulia, toka kiwiko kushuka.
Ngozi ya kiangazi: mstari mweupe, kama chaki.
Kijani hakikuwepo. Sikukitegemea,
mimi si mti.
Lakini karibu na kifundo
paliniuma.

Nikanyamaza. Nikarudia palepale.
Pakauma tena.

"Sechelela," nikaita,
"hicho kikombe,
kiweke upande huu."

Alinitazama muda.
Kisha akakileta,
akakijaza nusu.